Jina la Mwenye Rakleti

Katika hospitali na vituo vya afya vya kwetu, mwanamke anayesafisha sakafu huitwa kwa Kifaransa «fille de salle», yaani binti wa wodi. Jina hilo halijali umri wa mtu. Mama Leki, kama tunavyomwita huku mdogo wa mama, ana miaka 53 na wajukuu wanne, lakini katika kituo cha afya anakofanya kazi, huko Yanonge, bado ni binti wa wodi. Sasa fungua kijitabu cha maelezo ya mashine ya umeme ya kusafishia sakafu. Humo, mtu anayeshika mpini wa mashine anaitwa «opérateur», mwendeshaji. Kazi ni ileile ya kuondoa uchafu sakafuni. Kimebadilika chombo, na pamoja nacho limebadilika jina la mtu.

Nimeamua kulinganisha vyombo hivyo viwili katika jarida letu kwa sababu mimi ndiye niliyepewa kijitabu hicho nikitafsiri kwa Kiswahili, na kwa sababu kwa majuma kadhaa riziki ya wanawake watatu ilitegemea ulinganisho huo. Watu wengi huuliza swali moja tu: kipi kinasafisha vizuri zaidi? Swali hilo lina jibu, nami nitalitoa. Lakini nyuma yake kuna swali jingine ambalo linatuhusu sisi wa kitivo cha lugha kuliko mafundi: nani atakayekishika chombo hicho, na maneno gani yatamruhusu au kumzuia kukishika.

Kwa wasiofika huko, Yanonge ipo kwenye ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, kilomita 60 hivi chini ya Kisangani, katika teritwari ya Isangi. Unaweza kwenda kwa pikipiki kutoka Lubunga au kushuka na mto kwa baleniere, katikati ya magunia na mabidoni. Sakafu nyingi za huko ni za udongo uliopondwa. Sakafu ya namna hiyo hainyweshwi maji mengi. Hunyunyiziwa kidogo ili vumbi litulie, kisha hufagiwa kwa ufagio wa njukuti za mchikichi. Mashine yoyote ya maji ingeigeuza kuwa tope. Kwa hiyo ulinganisho wetu unaanzia pale tu panapoanzia saruji na karo: kanisani, shuleni, katika nyumba chache za wafanyabiashara, na katika kituo cha afya.

Juu ya saruji, chombo cha kwetu ni rakleti: mpini wa mti, na chini yake ubao wenye ukanda wa mpira. Ukiuzungushia kitambaa unapangusa, ukikiondoa kitambaa unasukuma maji hadi nje. Wenzetu wa Tanzania wanalo dekio, na kazi yake wanaiita kupiga deki, neno lililotoka kwa Waingereza na ambalo asili yake ni sakafu ya meli. Maana yake ni kwamba neno lao lilipanda kutoka baharini, kwa watu waliokuwa wakisugua mbao za merikebu. Sisi wa Kisangani tunasema kupangusa. Kitenzi hicho kinapendeza kwa jambo moja: Kilingala nacho kina «kopangusa», kwa maana ileile. Katika mji wenye lugha mbili za sokoni, ni neno ambalo unaweza kuanza nalo katika lugha moja na kumalizia katika nyingine bila mtu kugeuka kukutazama.

Lakini tazama tunachopangusa. Tunapangusa meza, tunapangusa jasho, tunapangusa pua ya mtoto na machozi ya mfiwa. Ni kitenzi cha mkono na kitambaa. Hakina ndani yake wazo la ujuzi, wala la mshahara. Hakuna mtu aliyewahi kuomba cheti cha kupangusa. Ndiyo maana mashine ilipofika, neno hilo halikuwasaidia wanawake waliokuwa wakilitenda kila siku tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Mashine yenyewe haikuwa mpya. Ililetwa na wafadhili ambao sitawataja, ikiwa imetumika kwingine, ya ukubwa wa toroli, na chini yake brashi ya duara. Nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwanza. Ina matangi mawili. Tangi la kwanza lina maji safi yenye sabuni, yanayodondoka polepole juu ya brashi inayozunguka. Nyuma ya brashi kuna ukanda wa mpira uliopinda kama mwezi mchanga, unaoyakusanya maji machafu, na juu ya ukanda huo kuna bomba linaloyafyonza hadi tangi la pili. Maji yaliyogusa uchafu hayarudi tena sakafuni. Inapopita, sakafu hukauka kwa dakika chache, na mgonjwa anayekwenda msalani hatelezi.

Rakleti haina tangi la pili. Ina ndoo. Mfanyakazi mwenye ndoo mbili, moja ya maji safi na moja ya kusuuzia kitambaa, anaweza kufanya kazi nzuri sana, na ndivyo Mama Leki alivyofundishwa. Ila ndoo mbili zinataka maji mengi ya kubadilisha, na maji ya kituo hutoka kwenye chemchemi iliyo bondeni. Bidoni la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na hupandishwa mlima kichwani. Siku maji yanapokuwa machache, wodi ya nne hupanguswa kwa uchafu wa wodi ya kwanza. Hilo si jambo dogo kwa watu wa mtoni. Mwaka 2011 kipindupindu kilizuka Kisangani, kikashuka na mto hadi Mbandaka na Kinshasa, na vijiji vya ukingoni vilikuwa njiani.

Mwaka 1959 mkemia Mjerumani aitwaye Herbert Sinner aliueleza usafi kwa mduara wenye sehemu nne: dawa, nguvu ya kusugua, joto na muda. Ukipunguza sehemu moja, lazima uongeze nyingine ili upate usafi uleule. Mduara huo ulinisaidia kuona kwamba mashine haina uchawi. Inaongeza nguvu ya kusugua, kwa hiyo inapunguza muda. Mwenye rakleti hana mota, kwa hiyo anaongeza muda na mgongo wake. Mgongo haumo katika mduara wa Sinner, lakini umo katika maisha ya Mama Leki. Nilipomuuliza kama anaiogopa mashine, alinijibu: «Mwanangu, hiki kitu kinatembea kimesimama. Mimi nimeinama miaka 19. Nikiogope kwa nini?»

Nasisitiza jibu lake kwa sababu sisi wasomi tunapenda kuwatetea wenye rakleti dhidi ya mashine, kana kwamba kuinama ni mila. Hakuna aliyeitaka mashine ile kuliko yeye.

Jibu la swali la kwanza basi ni hili: penye sakafu pana, laini na isiyo na vitu, mashine inasafisha vizuri zaidi na kwa haraka zaidi. Ukumbi wa kusubiria wagonjwa na ujia mrefu ni mahali pake. Lakini sifa hiyo ina masharti, na kila sharti lina bei yake Yanonge.

Sharti la kwanza ni umeme. Umeme wa bwawa la Mto Tshopo ni wa Kisangani. Yanonge tunategemea jua na jenereta. Mashine zile za waya zinazotumiwa mijini hula wati 1,000 hadi 1,500, na jenereta ndogo za sokoni, zile za kuwashia taa na muziki, haziziwezi. Yetu ni ya betri: mbili za volti 12, kila moja ya ampea-saa 100. Zikiunganishwa hutoa volti 24, nazo hubeba wati-saa 2,400. Paneli moja ya jua ya wati 100, ikipata saa tano za jua kali, huleta wati-saa 500. Gawanya: paneli moja ingehitaji karibu siku tano kuzijaza betri hizo, bila kuhesabu umeme unaopotea njiani. Na paneli za kituo zina kazi nyingine kabla ya sakafu. Jokofu la chanjo lazima libaki kati ya nyuzi 2 na 8 usiku na mchana, na chumba cha kujifungulia kinahitaji taa. Hakuna mama atakayejifungua gizani ili ujia ung'ae.

Sharti la pili ni sabuni. Kijitabu kinataka sabuni isiyotoa povu, kwa sababu povu hujaza tangi la pili na kuingia katika mota ya kufyonza. Sabuni ya kwetu hutengenezwa kwa mawese na magadi, inauzwa sokoni kwa vipande, na sifa yake kubwa kwa mnunuzi ni povu. Sabuni inayofaa lazima itoke mjini.

Sharti la tatu ni klorini. Sakafu iliyomwagikiwa damu haisafishwi kwa mashine hata kidogo. Kwanza hufunikwa kwa kitambaa, hunyweshwa maji ya klorini ya asilimia 0.5, husubiriwa dakika 10, ndipo huoshwa. Mama Leki anajua kuyatengeneza: gramu 7 za unga wa klorini wa asilimia 70 kwa kila lita ya maji. Maji hayo hula chuma na mpira, na brashi iliyopita chumba cha kujifungulia ikaenda wodi ya watoto ni hatari kuliko ndoo chafu. Kitambaa unaweza kukitenga kwa kila chumba. Brashi ya mashine ni moja.

Sharti la nne ni sakafu yenyewe. Saruji yenye nyufa huweka maji ndani ya nyufa, na ukanda wa mpira hupita juu bila kuyafikia. Chini ya vitanda mashine haiingii. Kwenye kona, brashi ya duara huacha pembe tatu ya uchafu, nayo haina dawa ila kitambaa na mkono.

Mtu akiweka masharti hayo yote mezani, ataona kwamba mashine haikuja kuchukua nafasi ya rakleti. Imekuja kuchukua sehemu ya kazi yake, ile inayochosha zaidi, mara chache kwa juma. Hivyo ndivyo ningedhani kila mtu angeona. Kamati ya kituo haikuona hivyo.

Katika kikao kimoja ilisemwa kwamba mashine inafanya kazi ya watu watatu. Kwa hiyo, ilipendekezwa wanawake wawili washukuriwe, abaki mmoja wa kubeba maji na kusafisha pembe, na mashine akabidhiwe kijana anayetengeneza pikipiki pale kijijini. Sababu ilikuwa kwamba kijitabu kinamtaka «opérateur». Mjumbe mmoja alisema wazi kwamba binti wa wodi hawezi kuwa opérateur. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesahihisha sarufi: maneno hayo mawili, kwake, hayakukaa katika sentensi moja.

Malipo ya wanawake hao hutoka katika mapato ya kituo, na ni madogo, lakini ni ada za shule, ni chumvi, ni nauli ya baleniere. Wawili kati yao walikulia Kisangani na wanasoma Kiswahili vizuri. Wa tatu hukisikia na kukujibu kwa Kilingala. Waliomba jambo moja tu kabla ya uamuzi: wasomewe kijitabu kwa lugha wanayoielewa. Ndipo Mama Leki akanitumia picha za kurasa zake kwa simu.

Ugumu wa kwanza ulikuwa neno lile lile. Kifaransa kinasema: opérateur ahakikishe hiki, opérateur asifanye kile. Kamusi inanipa mwendeshaji. Ni neno sahihi, lakini kuendesha kwetu ni kuendesha gari, pikipiki, boti. Ukilisoma mbele ya kamati, watu watamwona dereva, na dereva wanayemfahamu ni mwanamume. Mtumiaji lingekuwa jepesi mno, kana kwamba ni la redio. Fundi mitambo lingekuwa uongo, kwa sababu kijitabu chenyewe kinasema ukarabati uachiwe fundi. Katika tangazo la usalama, ambamo lazima mtu atajwe, niliandika msafishaji. Kwingine kote niliacha jina likaanguka. Kiswahili kinaruhusu: badala ya kusema opérateur ahakikishe tangi ni tupu, unasema hakikisha tangi ni tupu. Anayesoma ndiye anayeambiwa.

Nilipomaliza, niliorodhesha vitenzi vya ukurasa wa kazi ya kila siku. Vilikuwa 14. Fagia kwanza. Okota mawe na misumari. Pima sabuni. Changanya. Jaza. Lowesha. Sugua. Sukuma. Geuka. Kausha. Mwaga maji machafu. Suuza tangi. Pangusa mpira. Chaji betri. Ukitoa hicho cha mwisho, vyote ni vitenzi ambavyo wanawake wale walikuwa wakivitenda kabla mashine haijateremshwa kutoka kwenye baleniere. Hata kile cha kupima: anayeweza kupima gramu 7 za klorini kwa lita hashindwi na kifuniko cha sabuni. Kwa Kifaransa, ukurasa ule ulionekana kama kazi ya mtambo. Kwa Kiswahili ulionekana kama kazi ya usafi iliyoongezewa betri.

Sikuhudhuria kikao cha pili. Mama Leki aliniambia kwamba ukurasa ulisomwa kwa sauti, kitenzi kwa kitenzi, na kwamba baada ya kile cha tano au cha sita watu walianza kucheka, maana kila mara wanawake walijibu kwa pamoja: «Hicho tunafanya.» Kamati ilikubali majaribio ya miezi mitatu, wote watatu wakibaki kazini. Mashine hupita ujiani na ukumbini Jumanne na Ijumaa, betri zikiwa zimejaa. Siku nyingine ni rakleti. Chumba cha kujifungulia ni ndoo, klorini na kitambaa chake pekee, siku zote. Yule kijana wa pikipiki hukagua betri mara moja kwa juma na kulipwa kwa hilo. Malipo ya wanawake hayakuongezwa hata faranga moja, na katika orodha ya malipo jina lao ni lile lile la zamani. Miezi mitatu ikiisha, kamati itakaa tena.

Mashine nayo imepata jina, bila msaada wangu. Wanaiita «Momeli-mai», mnywa maji, kwa sababu ya lile bomba la nyuma. Hapa msomaji wa kitivo chetu atakumbuka ngoma za Walokele, majirani wa mto huohuo, ambazo John Carrington alizichunguza akiwa Yakusu na kuziandikia kitabu mwaka 1949. Ngoma ile ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi mafupi hufanana kwa sauti hizo. Ili mtu aeleweke, kitu hakitajwi kwa jina lake fupi peke yake, bali kwa fungu refu la maneno. Wanawake wa kituo hawakupiga ngoma, lakini walifanya kazi inayofanana: walikitazama kitu kinafanya nini, wakakipa jina la tendo. Lile neno refu la Kifaransa lililo juu ya kijitabu halijatamkwa na mtu tena.

Wao wenyewe bado hawajapata bahati ya mashine yao. Kitu kimeitwa kwa kazi yake, ilhali watu wanaokishika wanaitwa mabinti wa chumba. Nadhani hapa ndipo kitivo cha lugha kina kazi ambayo haitafanywa na mhandisi wala mfadhili. Vyombo vitaendelea kufika kwenye vijiji vya mto huu, vya jua, vya betri, vya simu, na kila kimoja kitakuja na kijitabu. Aliyekitafsiri ataamua, kwa kuchagua nafsi ya kitenzi tu, nani anaambiwa na nani anasemwa. Tunafundishwa kutafuta istilahi sahihi, na ni vyema. Tuongeze swali moja kabla ya kuifunga kamusi: yule aliyekuwa akiifanya kazi hii jana, je, akisoma tafsiri yangu atajikuta ndani yake?

Kuhusu rakleti na mashine, ushauri wangu kwa kituo chochote cha mtoni ni mfupi. Mashine ikija, ipokeeni, maana migongo imechoka. Hesabuni paneli kabla ya kuiwasha, na jokofu la chanjo litangulie. Klorini ibaki kwenye ndoo. Na katika orodha ya malipo, andikeni «msafishaji», neno linalomfaa mwenye rakleti na mwenye mashine, ili siku kamati itakapokaa tena lisiwepo jina la kumtoa mtu katika kazi anayoijua.